Kiti cha Kushoto

"Nilisinzia, afande. Andika hivyo, tumalize."

Sajini aliyesema maneno hayo alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha zahanati ya kambi, shuka imemfika kiunoni, macho kayakaza kwenye feni ambayo wala haikuwa ikizunguka. Kikosi kizima cha anga kilimwita Taratibu, maana kwa miaka yote aliyoendesha boza, lile lori la tangi linalobeba mafuta ya ndege, hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza. Na asubuhi hiyo, jua limeshatoka na njia inaonekana wazi, boza la Taratibu lilikwenda likapiga bawa la ndege ya mizigo.

Kapteni wa upelelezi hakuandika kitu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kuvuta kiti karibu na kitanda kama jirani aliyekuja kumjulia mtu hali. Wengi walijikuta wameshamweleza mambo yao kabla hawajakumbuka kwamba amevaa magwanda.

"Jana ulilala mapema?"

"Mapema kabisa."

"Ulikunywa chochote? Hata dawa ya mafua?"

"Damu yangu si mmeshachukua?"

"Tumechukua. Ni safi. Ndiyo maana nauliza, huo usingizi ulitoka wapi?"

"Uzee, afande." Taratibu aligeuza uso ukutani. "Uzee hauna ratiba."

Ndege ile ilikuwa ipeleke mahema na dawa kwa watu waliozingirwa na mafuriko. Sasa ilikuwa imeegeshwa na ncha ya bawa imepasuka, na mkuu wa kambi alikuwa amemwita Kapteni ofisini akamuuliza swali moja tu: ni uzembe au ni hujuma? Jibu alilitaka kabla jua halijazama. Na mtu aliyekiri upesi namna hii, kosa ambalo lingemvua cheo, alimtia Kapteni wasiwasi kuliko ambaye angekana.

Daktari wa kambi aliingia, akamwomba mgonjwa aketi na kuvua fulana. Mkanda wa kiti ulikuwa umemwachia mchirizi wa wekundu ulioanza kugeuka zambarau. Ulianzia bega la kushoto, ukakatiza kifuani, ukaishia ubavu wa kulia. Kapteni aliutazama mpaka Taratibu akaona haya akaivuta fulana yake.

"Pole, Sajini," alisema akisimama. "Pumzika."

Boza lilikuwa bado pale lilipogongea, limezungushiwa kamba, na zimamoto wameshamwaga povu chini yake. Fundi mkuu wa magari, mtu wa tumbo kubwa na vidole vyeusi kwa grisi, alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu kama anayelifariji.

"Kama umekuja kuniambia breki zilikuwa mbovu, afande, nitalia," alisema. "Breki hizi ningempa mama yangu mzazi aendeshe."

"Hakuna aliyezichezea?"

"Hakuna. Nimezipima mara mbili. Hujuma nendeni mkaitafute kwingine." Akanyoosha kidole kuelekea kwenye lami. "Lakini tazama hapa. Hili ndilo linanikosesha amani."

Alama za matairi zilikuja zimenyooka kutoka barabara ya ghala la mafuta, zikaanza kwenda kombo, polepole, kuelekea chumba cha pampu. Ndani ya chumba kile, asubuhi hiyo, walikuwamo watu wanane na mafuta ya kuchoma kambi nzima. Kisha, ghafla, alama zilikatwa kwa nguvu kwenda upande wa pili, zikaishia kwenye bawa.

"Mtu aliyelala hakati kona," alisema Kapteni.

"Ndiyo hapo. Tena kuna breki ya mkono. Imevutwa mpaka karibu ing'oke. Lakini kanyagio halikuguswa. Dereva akishtuka, jambo la kwanza ni mguu. Huyu aliyevuta breki hii, miguu yake haikuwa na kanyagio la kukanyaga."

Kapteni alipanda kwenye kiti cha dereva, akashika usukani uliokuwa upande wa kulia, akajifunga mkanda. Ulishuka kutoka bega lake la kulia hadi nyonga ya kushoto. Akaufungua, akahamia kiti cha abiria, akajifunga tena. Sasa ulitoka bega la kushoto, ukaenda ubavu wa kulia, sawasawa na ule mchirizi wa kifua cha Taratibu.

Sajini hakuwa ameendesha. Alikuwa amekaa kushoto, na kutoka kushoto ndiko alikounyakua usukani na kuvuta breki. Mtu aliyewaokoa wanane anang'ang'ania kuitwa mzembe. Kwa ajili ya nani?

"Hebu niambie, fundi. Kabla ya kishindo, kulikuwa na nini?"

"Kelele tu. Walikuwa wanajaribu king'ora kipya. Hawakutuambia. Kilipolia sote tuliruka, mimi spana ikaniangukia kidoleni. Ndipo nikasikia puu!"

"Na kwa kawaida Taratibu hutembea na nani?"

Fundi alicheka. "Si binti yake! Tangu binti aajiriwe hapa hawaachani. Tunawaambia, wewe mzee, huyo ni askari, si mtoto wa chekechea. Hasikii."

Binti alikuwa kwenye ghala la mafuta, akikunja mipira ya kujazia ndege mafuta. Alikuwa koplo, mrefu kama baba yake, na magwanda yake yalikuwa yamelowa kifuani kana kwamba alikuwa amenawa kwa haraka. Alipiga saluti. Kapteni aliona mkono ule ukipanda kwa shida, na midomo ikibanwa.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Humu ndani, afande. Nilikuwa naosha vichujio."

"Nipatie ule mtungi wa kuzimia moto nitazame tarehe yake."

Mtungi ulikuwa kwenye rafu ya juu. Binti aliushusha kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukining'inia tu.

"Bega limefanya nini?"

"Nililala vibaya."

"Leo kwenu kila mtu ana matatizo ya usingizi," alisema Kapteni kwa upole. Binti hakucheka. Macho yalimjaa, akayainamisha kwenye mpira wa mafuta. Kapteni alijua kwamba akimbana hapo atapata machozi, wala hatapata ukweli, maana ukweli wa nyumba ile ulikuwa na mlinzi wake, na mlinzi alikuwa amelala zahanati. Akageuza swali.

"Mbali na baba, una nani mwingine?"

"Mama alifariki. Yuko mama mdogo. Anashona nje ya geti. Lakini na baba hawasemezani."

Duka la mama mdogo lilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani viwili na lundo la ovaroli za mafundi wa ndege zilizosubiri vitambulisho vya kifuani. Mwenyewe alikuwa mnene, mwepesi wa maneno, sindano mdomoni. Aliposikia Kapteni ametokea wapi, sindano ilitoka.

"Yule mtu kagonga ndege? Afadhali. Labda sasa mtamchunguza. Muulizeni dada yangu alikufaje."

"Alikufaje?"

"Alfajiri. Mzima wa afya, jana yake tumecheka naye hapa hapa. Asubuhi naletewa habari hayupo. Namuuliza mumewe, ilikuwaje? Ananiambia, saa ya mezani ililia, akaketi kitandani, akaanguka. Saa, afande! Umewahi kusikia mtu kauawa na saa?"

"Mlidhani amempa kitu."

"Mama yetu alidhani. Mimi nilijua. Hatukumruhusu hata kushika jeneza."

Kapteni alichukua ovaroli moja, akaikunja vizuri, akairudisha. Kwake jambo moja halikukaa sawa. Mtu aliyemuua mkewe hutunga uongo unaoingia akilini: tumbo, homa, kuteleza bafuni. Hakuna anayekaa chini akatunga saa ya mezani. Saa ya mezani huitaja tu mtu aliyeiona kwa macho yake.

Kitu kilinguruma juu ya meza. Simu ya mama mdogo ilikuwa inatetemeka kati ya mikasi, bila mlio.

"Umeizima sauti?"

"Aa, mimi na milio hatupatani. Ikinililia ghafla naona giza. Siku moja kondakta alipiga ubavu wa basi nyuma yangu, nikajikuta chini, watu wananimwagia maji." Akacheka, akapiga paja. "Kwetu tuna roho nyepesi, mwanangu. Bibi yetu alidondoka uani, pale pikipiki ilipopasua mlio. Yeye hakuamka. Na huyu binti wa dada, alipokuwa shule, kengele ikigongwa yuko chini. Baba yake akamhamisha shule, akasema ni utundu wa wenzake."

Kicheko kilimwishia mwenyewe alipoona uso wa mgeni wake.

"Nimesema nini?"

"Umenisaidia sana, mama," alisema Kapteni, na tayari alikuwa mlangoni. "Naomba leo usiende mbali."

Daktari wa kambi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha alichukua karatasi, akachora mstari wenye vilima vidogo, kilima kimoja kikubwa na kimoja cha mviringo baada yake.

"Moyo unakwenda kwa umeme," alisema. "Ukishapiga pigo, lazima ujichaji upya kabla ya pigo linalofuata. Hiki kilima cha mviringo ndicho kuchaji kunapomalizika. Sasa kuna watu, wanazaliwa hivyo, moyo wao huchelewa kumaliza kuchaji. Siku zote wako salama, wanacheza mpira, wanabeba mizigo. Kisha kinalia kitu ghafla. Mshtuko unaufikia moyo katikati ya kuchaji, na badala ya kupiga, moyo unatetemeka tu, hauna mpangilio, hausukumi damu. Kichwa kinakosa damu. Mtu anaanguka."

"Anarusha mikono na miguu?"

"Wengine, ndiyo. Ndiyo maana watu husema ni kifafa."

"Halafu anaamka."

"Mara nyingi moyo unajirudisha wenyewe, anaamka hana hata kovu." Daktari aliweka kalamu chini. "Mara nyingine haurudi. Na hali hii hurithiwa. Unayoniambia ya bibi, ya mama mtu, ya huyu mama mdogo... Kapteni, hiyo ni familia moja na ugonjwa mmoja."

"Mbona hamkuuona alipoajiriwa?"

"Marubani tunawapima moyo kila mwaka. Hawa wanaowajazia mafuta, tunawapima macho na presha." Alisema bila kujitetea. "Tungempima mara moja tu, huenda tungeuona."

Kapteni alikuwa ameshageukia dirisha. Kule, juu ya paa la ghala la mafuta, mafundi wawili walikuwa juu ya ngazi, wakifunga waya wa king'ora. Asubuhi kilikuwa kimelia kwa kukoroma. Walikuwa wamekirekebisha, na sasa mmoja alikuwa anashuka huku akimfanyia mwenzake ishara ya kidole gumba. Binti alikuwa chini ya paa lile lile.

Hakukimbia. Aliinua simu ya mezani, akaomba mnara wa kuongozea ndege.

"King'ora kisilie."

"Afande, tuna amri ya kukijaribu sasa hivi," ilisema sauti ya kijana wa zamu. "Mkuu wa kambi mwenyewe..."

"Weka kidole chako mbali na hicho kitufe, mwanangu, kisha nisikilize. Kuna mtu kikilia anaweza kufa. Nitamweleza mkuu mimi mwenyewe. Ukimya ni wangu, lawama ni zangu. Umenielewa?"

Upande wa pili kiti kilisukumwa nyuma. Kisha: "Nimeelewa, afande. Hakilii."

Ndipo Kapteni alipogundua kwamba alikuwa amesimama kwa ncha za vidole. Akashusha visigino.

Walikwenda kumchukua binti kwa miguu, yeye na daktari, wakizungumza kwa sauti ya kawaida tangu mbali ili wasimshtue. Daktari alizima simu zote za zahanati na kumwambia muuguzi afunge milango kwa mkono, asiiachie ijibamize. Binti alilazwa, akabandikwa vishikizo vya mashine ya kupima moyo kifuani, mguuni na mkononi. Muuguzi alipomfungua magwanda, mchirizi wa zambarau ulionekana wazi: bega la kulia kushuka kushoto.

Mashine ilitema karatasi yake. Daktari aliipima kwa rula ndogo, akaipima tena, akamwonyesha Kapteni bila neno. Kile kilima cha mviringo kilikuwa kimekaa mbali mno na kile kikubwa, kama mgeni aliyepotea njia.

Taratibu alikuwa chumba cha pili. Kapteni alivuta kiti kama asubuhi.

"Sajini, ulikuwa umekaa kushoto."

Taratibu aliivuta shuka mpaka kifuani.

"Mkanda umekuandika kifuani, na binti yako umemwandika upande wake. Uliukata usukani ukaliepusha boza na chumba cha pampu. Kisha ukamtoa kabla watu hawajafika, ukamwambia akanawe, ukahamia kiti chake."

Mzee alijaribu kusema "nilisinzia" mara nyingine, lakini neno lilikataa kutoka. Alijifunika uso kwa viganja vyake vikubwa.

"Ana kifafa," alisema kutoka humo ndani. "Tangu yuko mdogo. Nimezunguka naye kila mahali, nimepewa mizizi, nimepewa maji, nimepewa masharti. Kifafa kikijulikana, afande, mtoto hapati kazi, hapati mume, hata bakuli lake linatengwa. Na yeye anapenda magari haya, anayapenda jamani. Nikasema basi, nitakaa kando yake. Siku zote nitakaa kando yake. Akianguka nitashika mimi."

"Na ukistaafu?"

Viganja vilimbana uso zaidi. Lilikuwa swali aliloishi nalo.

"Si kifafa," alisema Kapteni. "Ni ugonjwa wa moyo. Daktari ameuona kwenye karatasi. Una jina, una dawa za kumeza kila siku, na kama dawa hazitoshi kuna kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi kuushtua moyo urudi kwenye mstari. Na Sajini, nisikilize vizuri. Ndio uliomchukua mkeo. Ile saa uliyosema, hukusema uongo."

Taratibu aliondoa viganja usoni. Alimtazama Kapteni kwa muda, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo hajalisikia tangu utotoni. Kisha alilia. Alilia kwa sauti, bila kuficha, na Kapteni akaendelea kukaa pale pale bila kutazama pembeni wala kutafuta la kusema.

Mkuu wa kambi alilisikiliza jibu lake akiwa amesimama. Si hujuma, na uzembe uliokuwapo ulianza na king'ora kilichopigwa bila watu kuonywa, jambo ambalo Kapteni alilisema huku akimtazama machoni. Mkuu alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kanuni. Sajini alikuwa ameficha ugonjwa wa dereva na kudanganya uchunguzi. Asimamishwe kazi kuanzia leo mpaka shauri lake lisikilizwe, na lile la chumba cha pampu litajwe mbele ya shauri hilo. Koplo asiguse usukani mpaka mabingwa wa moyo waseme. Na mahema yatapelekwa na ndege nyingine iliyokuwa njiani.

Binti alipoambiwa, hakuuliza habari ya kufa. "Sitaendesha tena?"

"Boza, hapana," daktari alimwambia. "Sitakudanganya. Lakini mnarani wanahitaji watu wa kupanga mafuta na ratiba za ndege, na wewe unazijua ndege hizi kuliko wengi. Kwanza tukutibu."

Binti aligeukia ukuta, kama baba yake asubuhi. Baba mtu aliketi kwenye ukingo wa kitanda na kumshika kisigino, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Mama mdogo alifika jioni. Kapteni ndiye aliyekuwa amemfuata na kumweleza yote dukani kwake, vyerehani vimezimwa. Alipita ukumbini mbele ya Taratibu bila kumtazama, akaingia kupimwa, na mlango ukafungwa kwa mkono, taratibu. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha karatasi ya mashine kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama kitu cha moto. Akakaa kwenye benchi, upande wa pili, ukutani.

"Na mimi ninao," alisema, haijulikani alikuwa anamwambia nani. "Daktari anasema watoto wangu wote wapimwe. Leo hii, kama inawezekana. Wako nyumbani, na mdogo ana kengele kwenye baiskeli yake. Mimi miguu haina nguvu. Nani atawaleta?"

Kapteni alifungua mdomo kujitolea. Lakini Taratibu alikuwa ameshasimama na anafunga vifungo vya shati lake, akianzia chini, mkono wa kushoto ukimuuma.

"Mimi nitawaleta," alisema. "Leo sina kazi."

Mama mdogo alimtazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kisha akafungua mkoba wake, akatafuta kwa muda mrefu, akamkabidhi funguo za nyumba.